Ndama Kwanza, Chombo Baadaye

Mkulima mwenye akili, hata njaa ikimbana namna gani, hali mbegu aliyoiweka kwa msimu ujao. Jambo hili halihitaji kufundishwa darasani. Kila mtoto wa shamba hulijua. Lakini yupo mfugaji ambaye hula mbegu yake kila asubuhi, tena huila akiwa amechuchumaa, chombo cha maziwa magotini, na wala hajitambui. Mfugaji huyo ni yule anayemkamua ng'ombe mpaka tone la mwisho, ilhali ndama amefungwa kamba pembeni akitazama.

Wiki hii safu hii inawapeleka wasomaji Endiinzi, mji mdogo ulioko katika Wilaya ya Isingiro, kusini magharibi ya Uganda, upande wa kuelekea mpaka wa Tanzania. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Katika wilaya hiyo hiyo ndimo yalimo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyopewa jina la ziwa lililo kando yake. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya watu waliokimbia machafuko ya Rwanda. Baadhi yao walivuka mpaka wakiwaswaga ng'ombe wao. Leo humo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na katika magenge ya Base Camp Kiswahili husikika tangu asubuhi hadi jioni. Watu wengi namna hiyo wanahitaji maziwa kwa chai na kwa uji wa watoto. Aidha, magari hubeba maziwa kutoka vijijini kwenda katika matangi ya kupoozea na viwanda vya Mbarara. Kwa hiyo maziwa ya Isingiro hayakosi mnunuzi, na hapo ndipo mashaka ya ndama yanapoanzia.

Ng'ombe wa nchi hii ni wale mashuhuri wa Ankole, wenye pembe ndefu zilizopinda kama mwezi mchanga. Hustahimili jua, huenda mwendo mrefu kutafuta maji, na husifiwa kwa rangi zao. Mwenye rangi ya kahawia iliyoiva huitwa bihogo. Mwenye kahawia nyepesi huitwa gaaju. Hata hivyo si ng'ombe wa maziwa mengi. Baada ya kumwachia ndama sehemu yake, mkamuaji hupata lita 1 au 2 kwa siku, na msimu ukiwa mzuri huenda akapata 3. Mfuko huo ni mdogo, na wanaoutegemea ni wawili: nyumba na ndama.

Na uchukuliwe mfano wa boma moja la kawaida katika vilima vya Endiinzi, ambalo jina lake halina haja ya kutajwa kwa sababu maboma ya namna hiyo ni mengi. Mwenye boma ni askari polisi aliyepangiwa kazi mbali na nyumbani. Nyumbani amemwacha mkewe, watoto watatu, baba yake mzazi ambaye ni mzee wa makamo ya juu, na kijana wa kukodiwa anayechunga. Zizini wamo ng'ombe kumi na wawili, na mwaka huo wawili kati yao walikuwa wamezaa. Mmoja, Bihogo, alizaa ndama jike. Wa pili, Gaaju, alizaa ndama dume.

Mzee yule aliwajua ng'ombe kuliko alivyojua herufi. Siku Bihogo alipozaa, hakuondoka zizini mpaka alipomwona ndama amesimama, amekwenda kiweleni na amenyonya. Maziwa yale ya mwanzo, mazito na ya manjano, yaitwayo dang'a, si maziwa ya kuchezea. Ndama huzaliwa bila kinga yoyote ya maradhi mwilini. Haipati kinga hiyo tumboni kwa mama yake kama binadamu anavyoipata kwa sehemu. Kinga yote imo ndani ya dang'a, na mlango wa utumbo unaoipokea hufungwa mapema. Saa 6 za kwanza ndizo bora, na baada ya siku moja mlango umekwisha kufungwa. Ndama aliyecheleweshwa hawezi kulipwa deni hilo baadaye, hata akinyweshwa ndoo nzima. Baada ya kunyonya, mzee alimtaka mjukuu wake alete dawa ya ayodini, akakichovya kitovu kilichokuwa bado kibichi, maana kitovu ni njia ya vijidudu vya kuingilia hadi kwenye damu na viungo vya magoti.

Tangu siku ile ikaanza kazi ya kumlea na kumfunza. Watu wa mjini hudhani kwamba ng'ombe hujikulia mwenyewe kama mti. Sivyo. Ndama wa boma hufunzwa kama kuruti anavyofunzwa kambini: kwa saa, kwa sauti na kwa subira. Jambo la kwanza ni jina. Mjukuu wa mzee, mvulana wa miaka tisa, alikabidhiwa kazi ya kuwaita ndama kila alfajiri. Ndama hulala katika kibanda chao, mbali na mama zao, penye nyasi kavu na pasipo na upepo wala matope. Kukicha, mlango hufunguliwa na jina moja tu huitwa. Anayetoka ni mwenye jina, wengine husubiri. Katika siku za mwanzo wote husukumana mlangoni, na mvulana huwarudisha kwa mkono, si kwa fimbo. Baada ya majuma machache kila mmoja huijua zamu yake.

Jambo la pili ni mkono. Kila jioni mvulana aliwakuna ndama shingoni, kisha akapitisha vidole vyake masikioni, chini ya mkia na katikati ya mapaja. Kwa mtazamaji ulikuwa mchezo, lakini hapo palikuwa na kazi mbili. Ndama aliyezoea kuguswa masikioni akiwa mdogo hatapigana na daktari wa mifugo akiwa mkubwa mwenye pembe za kutisha. Tena vidole vya mtoto huwaona kupe kabla macho hayajawaona. Jambo la tatu ni kamba: kufungwa kwa utulivu kando ya mama wakati wa kukamuliwa. La nne ni njia: kwenda kwa msururu hadi kwenye hori la maji bila kukanyaga mashamba ya watu, kwani katika nchi yenye wakulima na wakimbizi waliogawiwa viwanja vidogo, ng'ombe mmoja asiye na adabu anaweza kuzua ugomvi wa vijiji viwili.

Mafunzo ya namna hii si mageni katika eneo la Maziwa Makuu. Katika Rwanda ya kale, ng'ombe wateule wa pembe ndefu, walioitwa inyambo, walifunzwa kutembea kwa mpango mbele ya Mwami kama askari katika gwaride, na kila jeshi la mfalme lilikuwa na makundi yake ya ng'ombe. Hata leo, katika makumbusho ya ikulu ya kale mjini Nyanza, wageni huwaona inyambo wakitulizwa kwa nyimbo za wachungaji wao. Mnyama mkubwa mwenye pembe ndefu vile hawezi kutulizwa kwa wimbo ukubwani ikiwa hakuizoea sauti ya binadamu tangu udogoni.

Sasa yafaa kueleza ukamuaji wenyewe, maana ndipo penye kiini cha habari hii. Ng'ombe wa asili hatoi maziwa kwa amri. Ndama huitwa, huja mbio, huvuta chuchu kidogo, na mama humnusa na kumlamba. Ndipo ubongo wa ng'ombe hutoa kichocheo kinachoyaachilia maziwa yateremke. Ndama huondolewa, hufungwa mbele ya mama yake mahali anapoweza kuonekana, na mkamuaji huanza kazi. Akimaliza, ndama hufunguliwa anyonye kilichobaki. Kwa desturi ya Wahima, kukamua ni kazi ya wanaume. Wanawake hutunza vyombo vya mti viitwavyo ebyanzi, huvifukiza kwa moshi wa nyasi ili vinukie na visichachushe maziwa ovyo, na hugawa maziwa ya nyumba. Kwa hiyo kipimo cha maziwa kimo mikononi mwa watu wawili: anayekamua na anayegawa. Wakikosa kuelewana, anayeumia ni wa tatu.

Wafugaji wengi wenye busara hufuata kanuni nyepesi: chuchu mbili za nyumba, chuchu mbili za ndama. Kanuni hiyo inalingana vema na hesabu ya wataalamu, ambao husema ndama mchanga huhitaji kwa siku maziwa yenye uzito wa sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Ndama wa kilo 20 anahitaji lita 2. Tena hapana budi kukumbuka kwamba maziwa ya mwisho kiweleni ndiyo yenye mafuta mengi kuliko ya kwanza. Anayekamua mpaka tone la mwisho hampunguzii ndama kiasi tu, bali humnyang'anya kilicho bora na kumwachia chuchu tupu.

Katika boma la mfano wetu mambo yalikwenda hivyo kwa miezi miwili. Kisha ukaingia mwezi wa Juni. Mvua za masika zilikuwa zimekoma, majani yakaanza kugeuka rangi, na muhula wa pili wa shule ulikuwa umefunguliwa. Jioni moja simu ililia. Askari aliwajulia hali wote, kisha akasema na mkewe juu ya ada.

"Mama watoto," alisema, "mshahara nimeukata vipande mpaka umekwisha, na bado mkubwa anadaiwa shuleni. Ongezeni maziwa ya kuuza mwezi huu mmoja tu. Ng'ombe wawili wamezaa, haiwezekani tukose."

"Kiangazi kimeingia, baba watoto," mkewe alijibu. "Maziwa yamepungua."

"Basi mwambie kijana akamue vizuri zaidi."

Maneno hayo hayakuwa ya ukatili. Yalikuwa ya baba anayeijua ada asiyoweza kuikimbia, naye yuko mbali asipoweza kumwona ndama. Mke alitii. Kijana mchungaji, ambaye sifa yake mbele ya tajiri wake ni wingi wa lita, alikamua chuchu tatu, kisha nne. Chombo cha kuuza kilijaa hadi shingoni. Mnunuzi mwenye pikipiki alifurahi, na kila baada ya siku chache fedha zilitumwa kwa simu kwenda shuleni.

Mzee aliona. Lakini kwa heshima ya mkwe, mzee wa Ankole hakabiliani na mke wa mwanawe kwa maneno makali. Aliketi kando ya moto wa samadi unaofukuza nzi, akamwita mjukuu wake kwa sauti iliyofika hadi jikoni.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako kwamba ndama hana simu. Angekuwa nayo, naye angempigia baba yako."

Mvulana alikwenda akasema kama alivyotumwa. Mama yake aliinamisha kichwa asijibu. Alikuwa amesikia, lakini ada nayo alikuwa ameisikia.

Baada ya majuma matatu ndama wale hawakuwa wale tena. Manyoya yalisimama na kupoteza mng'ao. Matumbo yalitokeza, mbavu zikahesabika. Dume la Gaaju, ambalo lilikuwa dogo zaidi, lilianza kula udongo na kulamba kuta kwa njaa. Mlango wa kibanda ulipofunguliwa na jina lake kuitwa, halikuja mbio tena, lilikuja likijikokota. Mvulana ndiye aliyeligundua jambo la hatari zaidi. Alipopitisha vidole vyake chini ya sikio la ndama yule alikuta uvimbe mgumu, mkubwa kama yai la kuku, na mwili ulikuwa wa moto.

"Shwenkuru," alimwita babu yake kwa lugha ya kwao, "njoo uone."

Mzee alipapasa mahali pale, akanyamaza kitambo, kisha akalitaja jina ambalo kila mfugaji wa Ankole huliogopa: amashuyo. Kwa Kiswahili ni ndigana kali. Ugonjwa huu huletwa na kupe wa rangi ya kahawia wanaopenda kukaa masikioni. Kupe huyo humwingizia ng'ombe vimelea ambavyo hushambulia chembe za damu zenye kazi ya kuulinda mwili. Tezi zilizo karibu na sikio huvimba kwanza, homa hupanda, mnyama huacha kula, hupumua kwa shida, na mwishoni povu hutoka puani kwa sababu mapafu yamejaa maji. Asipotibiwa mapema, aghalabu hufa katika muda wa majuma mawili au matatu tangu homa ilipoanza. Ng'ombe wa Ankole waliokulia penye kupe hustahimili kuliko ng'ombe wa kigeni, lakini ustahimilivu huo ni wa ndama aliyeshiba. Ndama mwenye njaa ni boma lisilo na mlinzi.

Dawa za kuviua vimelea hivyo zipo tangu miaka ya 1970 na 1980, nazo huponya zikitolewa siku za mwanzo. Lakini fedha za maziwa ya wiki ile zilikuwa zimekwisha kutumwa shuleni. Mke alizunguka siku mbili akikopa. Daktari wa mifugo alipofika siku ya tatu, povu lilikuwa limekwisha kuonekana puani. Alichoma sindano, akatikisa kichwa. Alfajiri ya siku iliyofuata mvulana aliliita jina la ndama, wala hapakuwa na aliyetoka.

Msiba haukuishia hapo. Gaaju aliletwa kukamuliwa, akatafuta mwanawe kwa macho, akalia, akapiga teke chombo. Kijana alijaribu hila ya kale: ngozi ya ndama aliyekufa ilijazwa nyasi na kuwekwa mbele ya mama. Gaaju aliinusa, akailamba, akateremsha maziwa kidogo. Siku ya nne aliinusa akageuka. Kiwele kilikauka. Ng'ombe aliyeweza kukamuliwa miezi mingi zaidi alifungwa mlango wa maziwa kabla ya kiangazi kwisha. Nyumba iliyotaka kupata chuchu nne badala ya mbili ikakosa zote.

Hapo ndipo mke alipopiga simu yeye mwenyewe. Hakulia wala hakumlaumu mumewe. Alimhesabia tu: kikombe kwa kikombe, wiki kwa wiki, kilichoongezeka na kilichopotea. Askari alinyamaza kwa muda mrefu.

"Mzee anasemaje?" aliuliza hatimaye.

"Mzee hajasema. Anashinda na ndama wa Bihogo."

"Basi afanye anavyojua. Ada nitaisemea huku. Nitakwenda kumwomba mwalimu mkuu anipe muda. Mwalimu atasubiri. Naona ndama hakuweza kusubiri."

Ndama wa Bihogo alirudishiwa chuchu zake mbili, na kwa majuma ya kwanza akaongezewa ya tatu. Mzee aliamuru kila asubuhi akatiwe majani mabichi kutoka bondeni, maana ndama huanza kutafuna majani akiwa na majuma mawili hivi, na majani hayo ndiyo yanayolikuza tumbo la kucheua. Aliwekewa maji safi na chumvi kibandani. Hakuruhusiwa kufuata kundi kubwa kwenye kingo za ziwa na vinamasi, ambako ndama huokota minyoo na vimelea vya ini. Daktari alimpa dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake. Mvulana akaendelea na masikio yake, jioni kwa jioni.

Katika jambo la kupe liko onyo moja lisilofaa kuachwa. Huko kusini magharibi ya Uganda watafiti wamethibitisha kwamba kupe wengi wamekuwa sugu kwa dawa zilizozoeleka. Usugu huo umeletwa na mikono ya watu: wanaozimua dawa kupita kiasi ili idumu, wanaonyunyiza mgongoni tu wakasahau masikio na mapaja, wanaobadilisha dawa kila wiki kwa kusikia ya jirani, na hata wanaochanganya dawa za mifugo na zile za kuulia wadudu wa mimea. Dawa ya josho hupimwa kwa maandishi yaliyo kwenye chupa, wala haikadiriwi kwa macho. Mwenye shaka amwulize daktari wa mifugo kabla ya kununua.

Ipo pia chanjo ya ndigana kali. Msingi wake uliwekwa katika miaka ya 1970 huko Muguga, karibu na Nairobi. Ndama huchomwa vimelea hai vya ugonjwa kwa kipimo, na wakati huo huo huchomwa dawa inayovidhibiti, hivyo huugua kidogo tu na kubaki na kinga ya muda mrefu. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia kwa wingi, na ndama aliyechanjwa huvishwa hereni sikioni. Jina la Muguga lastahili kukumbukwa kwa jambo jingine. Katika miaka ya 1890 sotoka ilifagia sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, Ankole ikiwemo, na matajiri wa jana wakawa maskini wa leo. Ni huko huko Muguga ambako Walter Plowright na wenzake walitengeneza, mnamo mwaka 1960, chanjo iliyotumiwa kupambana na sotoka duniani. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha kabisa ulimwenguni. Maradhi yaliyowafilisi mababu yameondoka. Yaliyobaki, mengi yake, yanazuilika kwa bidii ya kila siku.

Inafaa sasa kufanya hesabu ambayo kila askari mwenye ng'ombe nyumbani anapaswa kuifanya kabla ya kupiga simu ya kutaka maziwa. Ndama jike aliyenyonya vya kutosha, akalishwa vema baada ya kulikizwa, anaweza kuzaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 3 au kupita kidogo. Aliyedumaa kwa kunyimwa maziwa husubiri hadi miaka 4, na hata 5. Mwaka huo mmoja au miwili anayopotea ni ndama mmoja asiyezaliwa na maziwa ya msimu mzima yasiyokamuliwa. Nusu lita iliyoibwa leo hulipwa kwa madebe kesho kutwa, tena mwenye kulipa ni yule yule aliyeiba. Na kwa wilaya za mpakani, ambako ugonjwa wa miguu na midomo huzuka mara kwa mara na minada ya ng'ombe hufungwa kwa karantini, familia isiyokuwa na ng'ombe wa kukamua haina hata pa kukimbilia, kwa kuwa haiwezi kuuza mnyama siku inapomhitaji mnunuzi.

Kwa hiyo baba aliye kambini au kituoni, kabla hajauliza "Mmeuza lita ngapi?", ni heri aulize maswali mengine matatu. La kwanza: je, ndama wanakuja mbio wanapoitwa? Ndama mwenye afya hukimbia. Anayejikokota tayari amekwisha kutoa taarifa. La pili: nani amepapasa masikio yao jana? Ikiwa hakuna jibu, kupe wamepata likizo. La tatu: je, nyumbani kuna akiba ya dawa, au walau fedha ya dawa isiyoguswa kwa ada wala kwa sukari? Akiba hiyo, hata ikiwa ndogo, ndiyo iliyokosekana katika boma la mfano wetu kwa siku tatu tu, na siku tatu zilitosha.

Kwa mama aliye nyumbani, neno ni hili: mume aliye mbali hukisia, aliyeko ndiye anayeona. Kumwambia ukweli mapema si utovu wa adabu, bali ni kumsaidia kuamua. Na maziwa ya nyumba yachemshwe kabla ya kupewa watoto, wala maziwa ya ng'ombe anayetibiwa yasiuzwe mpaka siku alizozitaja daktari zimekwisha.

Miezi ilipita Endiinzi. Mvua za Septemba zilirudi, vilima vikavaa kijani, na nyasi za emburara, ambazo mji wa Mbarara umepata jina lake kwazo, zikainuka. Askari alipata likizo ya juma moja. Alifika usiku, akaamka alfajiri kabla ya wengine, akasimama kando ya zizi akiwa amejifunika koti. Mzee alikuwapo amekwisha kuchuchumaa, kyanzi magotini. Mvulana alifungua mlango wa kibanda na kuita jina moja.

Ndama wa Bihogo alitoka mbio, kifua mbele, vijipembe vimeanza kuchomoza, akampita askari kama asiyemwona na kwenda moja kwa moja kiweleni. Mzee alikamua chuchu mbili akaacha. Askari aliangalia kile chombo, ambacho hakikuwa kimejaa hata nusu, akataka kusema neno, asiseme. Alikipokea kutoka kwa baba yake kwa mikono miwili, akakipeleka jikoni.